Waliingia Wazima, Wakatoka Wagonjwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kudodosa, mimi nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Msicheke bado. Wengine wanastaafu kwa sababu umri umefika. Mimi nimestaafu kwa sababu maswali yangu siku hizi yanaulizwa kwa simu, na kwa sababu tumbo lilichoka kuniuma kila nilipokabidhi fomu. Sasa nina cherehani Lindi mjini na ninapima viuno. Kiuno kikiongezeka kinasema wazi kimeongezeka, hata mwenyewe akibana pumzi.

Kabla ya hapo, kwa miaka tisa, nilipima kitu kisichokubali utepe. Nilipima kama mtu aliyekwenda kuzungumza na mshauri juu ya maumivu ya nafsi yake ametoka na nafuu au ametoka alivyoingia. Najua mmefundishwa kwamba kazi hii ni kuuliza na kuandika. Nami nilifundishwa hivyo, nikaamini kuliko walionifundisha.

Chumba chetu kilikuwa katika kituo cha afya kimoja kati ya Kilwa na Lindi. Sikitaji jina kwa sababu wauguzi wa pale hadi leo wananicheka. Kilikuwa chumba kidogo chenye viti viwili, dirisha lenye pazia la kijani na Mama Kalista. Mama Kalista alikuwa Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, muuguzi wa zamani aliyesomea ushauri ukubwani. Njia yake ilikuwa ya kumwacha mtu azungumze chochote kinachomjia: ndoto, utoto, marehemu wake, hasira anazozijua na hasira asizojua kama anazo. Walioianzisha njia hii huko mbali waliamini kwamba sehemu kubwa ya nafsi imekaa gizani, na kwamba huko huko gizani ndiko tunakosukumwa. Mradi ulitaka kujua jambo moja: je, mtu wa huku kwetu akikaa na Mama Kalista saa moja kila wiki kwa wiki kumi, inamsaidia?

Mimi ndiye niliyetakiwa kulijibu swali hilo kwa penseli. Kabla ya kikao cha kwanza nilimuuliza mtu maswali kumi na sita kuhusu usingizi, chakula, huzuni na mengineyo, na kila jibu nililipa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Sifuri maana yake hakuna tatizo, tatu maana yake tatizo lipo karibu kila siku. Baada ya kikao cha kumi niliuliza tena yale yale. Alama zikishuka, tiba imesaidia. Rahisi mno, mtu anaweza kukosea akiwa ameamka kabisa.

Niwaambie nilivyokuwa, msije mkadhani nilikuwa mvivu. Alama zangu niliziweka kwa rula. Nilikuwa na kifutio cha kazini na kingine cha akiba, na cha akiba hakikuruhusiwa kufuta. Kila fomu niliikagua mara nne, na mara ya nne niliikagua kuanzia chini kwenda juu ili macho yasizoee. Hakuna fomu yangu hata moja iliyowahi kuwa na swali tupu. Msimamizi wetu, Dokta Neema, aliyekaa ofisini Lindi, alizionyesha fomu zangu kwa wadodosaji wengine kama mfano. Wenzangu walinichukia kwa adabu.

Tena nilikuwa msomi wa kujisomea. Niliishia kidato cha nne, lakini nilinunua kitabu cha mambo ya nafsi kwa muuza vitabu vya mitumba, kitabu kilichokosa jalada na kurasa arobaini za mwanzo. Kwa hiyo elimu yangu ya nafsi ilianzia ukurasa wa arobaini na moja, na mpaka leo nashuku kwamba katika zile arobaini palikuwa na onyo la kutojaribu mambo haya kwa jamaa zako.

Kitabu kilisema mtu hasahau bure, kila kusahau kuna sababu iliyofichwa. Nilipoachwa kijijini Kiswere na bodaboda wangu, Juma, aliyeahidi kunirudia saa tisa, nilimngoja mpaka alipotokea, nikamwambia kwa upole wa kitaalamu, "Juma, umenisahau kwa sababu ndani ya moyo wako hukutaka kunibeba."

"Nimekusahau kwa sababu nimepata abiria wa Lindi," akasema. "Panda, jua linazama."

Nikaenda nyumbani kwa mama yangu, nikamtazama anavyofagia uwanja mara tatu kwa siku, nikamweleza kwamba pengine anafagia hasira aliyokuwa nayo kwa marehemu babu. Mama aliegemea ufagio.

"Nafagia kwa sababu una miguu yenye mchanga, Zaituni," akasema. "Toka hapo."

Nilimsimulia Mama Kalista nikitegemea anihurumie. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia neno ambalo nawapa nanyi. "Wewe ukigundua maana ya jambo la mtu unakimbia kumpa, kama umeokota simu yake. Mimi nikiigundua naikalia wiki tatu. Mara nyingi katika wiki ya pili naona si maana yake, ni yangu."

Sasa niwaletee Mzee Selemani.

Mzee Selemani alikuwa mkulima wa korosho wa Pande, mtu wa miaka sitini na kitu. Mkewe alifariki, na baada ya arobaini mzee akaacha kwenda shamba. Aliletwa kituoni na dada yake, Bi Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mimi nilimfuata mzee nyumbani kwa dodoso la kwanza, kwa kuwa mwongozo wa mradi ulitaka tuwahoji watu majumbani mwao. Mwongozo ulisema hivi: msalimie mshiriki ipasavyo, kisha anza maswali mara moja bila kuongeza maneno yako. Nami sikuwahi kuongeza neno langu katika maisha yangu.

Nilimkuta kibarazani. Shati lilikuwa limefungwa vifungo upandeupande, shingo imekuwa nyembamba, na chai iliyokuwa mbele yake ilishafanya ngozi juu. Hayo yote niliyaona. Fomu haikuwa na nafasi ya kuyaandika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Mikorosho?"

"Ipo, tunamshukuru Mungu."

Na mimi, bila kupumua, nikateremka moja kwa moja kwenye maswali. "Katika wiki mbili zilizopita, usingizi wako umekuwaje?"

"Mzuri, alhamdulillahi."

"Chakula?"

"Tunakula."

"Umepata huzuni?"

"Aa, salama tu."

"Umejiona kuwa mtu asiye na faida?"

"Hatujambo kabisa, mwanangu. Na wewe kwenu hawajambo? Mama mzima?"

"Mzima," nikasema, "usingizi tele," ingawa siku ya tatu ile nilikuwa sijalala kwa hofu ya kupoteza kifutio cha akiba.

Nikaandika sifuri kumi na sita. Zilipendeza, zimepangana kama mayai. Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, akanitazama, akamtazama kaka yake, akatazama ukuta. Hakusema kitu, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Vikao vikaanza. Vitatu vya mwanzo Mzee Selemani hakusema neno. Alikaa, akatazama pazia la kijani, saa ikaisha, akaaga. Mama Kalista naye alikaa. Wauguzi wa dirisha la dawa wakapata mchezo wa kila Jumatatu. "Mama Kalista, leo mmenyamaza vizuri?" Naye anajibu, "Vizuri sana, wiki iliyopita alinyamaza kwa kunikwepa, leo amenyamaza pamoja nami." Wao wakacheka zaidi.

Aliyecheka kuwapita wote ni Bi Somoe, aliyemsindikiza kaka yake kila wiki na kumngoja kwenye benchi. "Kama ni kukaa kimya," aliniambia, "hata nyumbani tuna viti." Siku nyingine akauliza kama Mama Kalista ana mume, na kama anaye, basi maskini mume. Wiki ya nne kaka yake alitoka chumbani macho yamevimba, na Bi Somoe akaacha utani kwa muda wa kama dakika tano.

Lakini wiki zilivyokwenda, utani wake ulibadilika. Akaanza kuniuliza maswali ya pembeni. Je, wanaoingia mle ni waliofiwa tu? Je, mtu akiwa na jambo la zamani sana, la tangu yeye msichana, bado linahesabika? "Naulizia jirani," akasema. Wiki ya nane aliacha kumsingizia jirani. Alimwomba Mama Kalista nafasi, na Mama Kalista akamwandika wa kwanza katika kundi litakalofuata. Jambo lake lenyewe silijui na sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba siku alipoandikwa jina, aliukunja ushungi wake na kuukunjua mara tatu.

Kikao cha kumi kikaisha, nikaenda Pande na fomu ya pili. Mzee Selemani aliniona njiani, akanishika mkono, akanikalisha kabla sijamaliza shikamoo.

"Salamu baadaye, Zaituni. Leta maswali yako."

"Usingizi?"

"Nalala, lakini alfajiri naamka namlilia mke wangu."

Nikaandika tatu.

"Huzuni?"

"Kila siku. Zamani sikuwa hata na huzuni, nilikuwa kama gogo. Sasa ninayo."

Tatu.

"Kujiona huna faida?"

"Mara nyingi. Nimeiacha mikorosho msimu mzima, majani yamefika kiunoni. Jana nimeanza kupalilia, nikaona aibu ya kila mti."

Nikauma penseli. Fomu haikuwa na swali la kupalilia. Ilikuwa na swali la aibu, nikaandika mbili. Kila nilipoweka alama moyo ulinishuka, maana mzee mwenyewe alikuwa amefunga vifungo sawasawa, amenenepa shingoni, na alikuwa akinisimulia kilio chake huku ananimenyea chungwa. Mwisho fomu ilionyesha mtu mgonjwa hoi. Nikaikagua mara nne.

Na haikuwa yake peke yake. Karibu watu wote wa kundi lile walikuwa hivyo. Mwanzo sifuri na moja moja, mwisho mbili na tatu. Wiki mbili baadaye Dokta Neema akapiga simu kutoka Lindi. Sauti yake ilikuwa ya pole, na sauti ya pole ya mkubwa inatisha kuliko ya ukali.

"Zaituni, nimezitazama fomu zako. Ni safi kabisa. Zinaonyesha watu wanaingia kwa Mama Kalista wazima, wanatoka wagonjwa."

Nikaanza kutafuta rula yangu begini.

"Alhamisi ijayo kuna kikao hapa. Kwa takwimu hizi hatuwezi kuendelea. Kituo kimeshaomba chumba kiwe stoo ya vyandarua, na Mama Kalista atarudi wodini. Kundi la pili halitaanza."

Kundi la pili ndilo la Bi Somoe.

Nilimkuta Mama Kalista chumbani, mguu wake wa kulia umefungwa bandeji mpaka gotini na umelazwa juu ya kigoda, kwa kuwa wiki ile alianguka na bodaboda kwenye mchanga. Nikampa habari. Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza jambo ambalo katika miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hebu nionyeshe unavyouliza. Fanya kama mimi ni mmoja wao."

Nikasimama mlangoni na begi langu mgongoni kama kawaida. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Shamba?"

"Tunashukuru."

"Katika wiki mbili zilizopita, umepata maumivu ya mwili?"

"Sina, namshukuru Mungu."

"Usingizi?"

"Mzu..." Akaishia hapo. Akatazama mguu wake. Mimi pia nikautazama. Ulikuwa umelala pale kwenye kigoda, mnene kama mto wa sufi.

"Sikukusudia kukudanganya," Mama Kalista akasema taratibu. "Limetoka lenyewe."

Basi nikaelewa, na nikaketi chini. Mimi, mtoto wa Kilwa, niliyefundishwa kusalimia kabla sijafundishwa kutembea, niliwasalimia watu vizuri mno kiasi kwamba maswali yangu yakawa salamu zilizorefuka. Hapa kwetu aliyekuja na habari za hapa, za watoto, za mikorosho, akiendelea na za usingizi na za chakula, anajibiwa nzuri mpaka achoke. Habari mbaya haitoki kwenye salamu. Inasubiri salamu ziishe, mtu akae, kimya kidogo kipite, ndipo mwenyeji aseme, "Ila kuna jambo." Mimi nilikuwa naondoka kabla ya "ila". Mgeni asiyejua kusalimia asingeweza kufanya kosa hili. Ilihitaji mwenyeji, tena mwenye malezi mema. Na baada ya wiki kumi watu walishanizoea, nimekuwa wa nyumbani, wakaniruka salamu na kunipa ukweli. Nilikuwa nimelinganisha adabu ya mwanzo na ukweli wa mwisho, nikauita ugonjwa.

"Lazima umwambie Dokta Neema kabla ya Alhamisi," Mama Kalista akasema.

Wadogo zangu, hapa nawaungamia. Sikutaka. Niliona aibu yangu ikiwa kubwa kuliko chumba, kuliko mguu wa Mama Kalista, kuliko jambo la tangu usichana la Bi Somoe. Fomu zangu ndizo zilizokuwa mfano. Ningesema zote ni takataka, mimi ningekuwa nani? Nikajiambia nitaandika barua, kwa kuwa barua inakaguliwa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na nukta isiyo mahali pake, nikairudia. Ya pili mwandiko uliinama. Ya nne ilikuwa kurasa nne, safi, nikampelekea Mama Kalista aisome.

Alisoma zote. "Barua nzuri sana," akasema. "Kosa umelitaja ukurasa wa ngapi?"

Nikaipekua. Sikuwa nimelitaja popote. Nilikuwa nimeeleza historia ya mradi, umuhimu wa takwimu, na shukrani kwa viongozi. Na mimi ndiye mwanafunzi yule yule aliyemwambia dereva wa bodaboda kwamba mtu hasahau bure.

Nikaiacha barua pale, nikapanda basi la Lindi. Nilipofika kwa Dokta Neema nilisema kila kitu nikiwa nimesimama, na begi mgongoni, nikaanza na "Shikamoo" na nusura niishie hapo hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifukuze. Ningefukuzwa, angalau ningejua nimesimama wapi.

"Kwa hiyo hizi zote tutupe," akasema.

"Zile za mwanzo, ndiyo."

"Nikizitupa, sina ushahidi kwamba wameumia. Wala sina ushahidi kwamba wamepona. Chumba kinafungwa vile vile, kwa upole zaidi." Akagonga kalamu mezani. "Rudi ukawaulize tena siku ile ya kwanza walikuwaje. Waulize na waliokaa nao. Ni ushahidi dhaifu, nakuambia mapema. Mtu hukumbuka jana kwa macho ya leo. Lakini ni afadhali kuliko mayai haya." Alikuwa ameifungua fomu ya Mzee Selemani.

Nilikuwa na siku tano. Juma alinibeba mpaka nikajua kila shimo la njia ya Pande kwa jina. Mzee Selemani nilimkuta kwenye mikorosho yake na jembe.

"Mzee, siku ile ya kwanza nilipokuja, usingizi wako ulikuwaje kwa kweli?"

"Sikuwa nalala. Tangu arobaini."

"Na kula?"

"Siku ile ilikuwa ya pili sijatia kitu kinywani."

"Mbona uliniambia mnakula?"

Akaegemea jembe, akanitazama kwa huruma ambayo mimi ndiye niliyepaswa kumpa yeye. "Mwanangu, uliniuliza umesimama. Begi mgongoni, kalamu juu. Mtu aliyesimama na begi anajibiwa salama ili aende zake. Ungekaa, ningekwambia."

Hilo ndilo fundisho langu kubwa la miaka tisa na mnaweza kuliandika: vua begi. Mengine yote niliyojifunza ni watoto wa hilo. Kaeni ubavuni mwa mtu, msimkabili kama karani wa mahakama. Mkimkuta anachambua mchicha, chambueni naye. Kalamu ikae mfukoni mpaka jibu la pili, kwa kuwa la kwanza ni la wageni. Msiende siku ya mnada. Na mtu akisema "nzuri", nyamazeni kidogo, msimsaidie. Mnaona kimya cha Mama Kalista kilivyokuwa kazi? Niliwacheka wauguzi waliomcheka, halafu mimi nikashindwa kunyamaza hata sekunde tatu kati ya mikorosho na usingizi.

Alhamisi nilisimama mbele ya watu saba wa kikao nikawaeleza kwamba mfano wao wa kuigwa hakuwa amepima kitu chochote. Mzee mmoja mwenye tai aliuliza kama basi tunaweza kusema tiba inasaidia. Nilitamani sana kusema ndiyo. Nilikuwa na Mzee Selemani kichwani, na jembe lake, na chungwa. Nikasema, "Hatujui. Tunajua tu kwamba hatukujua kuuliza." Dokta Neema alitikisa kichwa kwa mbali, na sikuweza kufahamu kama ni cha kukubali au cha kusikitika. Wakajadiliana huku nikitazama viatu vyangu. Mwishowe wakaamua kundi la pili lianze na upimaji uanze upya kabisa, na kama fomu za kundi lile hazitaeleweka, vyandarua vitaingia.

Nikamuuliza Dokta Neema mdodosaji mpya atakuwa nani.

"Wewe. Nimtafute mwingine afanye kosa lake mwenyewe?"

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwa Bi Somoe. Nilimsalimia mpaka salamu zikaisha zenyewe. Nikavua begi. Alikuwa anatwanga kisamvu, nikapokea mchi, nikatwanga vibaya, akanicheka, akaninyang'anya. Tukanyamaza. Nilihesabu moyoni mpaka kumi, tena mpaka kumi, jasho likinitoka kwa kuwa fomu ilikuwa tupu, na mimi na fomu tupu hatujawahi kupatana.

"Ila," Bi Somoe akasema, akiwa ameinama kwenye kinu, "huo usingizi wako unaouuliza, mimi sijawahi kuwa nao."

Tulikwenda swali kwa swali mpaka adhana ya adhuhuri. Mengine alijibu kwa neno, mengine kwa kuacha kutwanga. Mara mbili nilifuta, na mara moja nilitumia kifutio cha akiba. Fomu ilichafuka, ina doa la kisamvu pembeni. Kisha nikamsindikiza kituoni kwa kikao chake cha kwanza, na pale kwenye benchi alilokuwa akimngojea kaka yake akanitaka nimwonyeshe karatasi.

"Nimepata ngapi?"

Nikamwambia.

"Ni nyingi?"

"Ni nyingi, bibi. Sijawahi kuandika nyingi hivi siku ya kwanza."

"Nimempita kaka yangu?"

"Za kaka yako siruhusiwi kuzisema."

"Basi nimempita," Bi Somoe akasema. Akajifunga ushungi upya, akavuta pumzi, akaingia mle ndani, na Mama Kalista, akichechemea, akafunga mlango.